Matuta ya Tukuyu, Ardhi ya Dodoma

Jirani yangu alihamia Dodoma akitokea Tukuyu, kule ambako ukichomeka fimbo ardhini inachipua. Mvua ya kwanza ya Novemba ilinyesha usiku, asubuhi tukamkuta na jembe. Alifagia uwanja, akachoma majani makavu yote, akainua matuta kama ya kwao na kusia mchicha na chainizi. Mimi niliegemea uzio nikimsifia. Sifa ile naijutia.

Mama mmoja wa Kigogo alipita, akachomeka kidole kwenye tuta. "Baba, unyevu haujafika hata kifundo cha pili. Na upepo huu bado wa kiangazi." Mbegu zake mwenyewe za kunde zilikuwa bado ndani ya nyumba. Anajua kwamba hapa msimu wa mvua ni mmoja tu, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na hata katikati yake mvua hukata.

Kwa wiki tatu haikudondoka hata rasharasha. Jirani akaanza kununua maji ya kisima, dumu sita kila jioni, akinyunyiza juu juu kwa kopo lililotobolewa. Sasa tuta lililoinuka hupigwa na jua na upepo kila upande, na mizizi ikipewa maji ya juu haihangaiki kushuka. Majani yakawa yananyauka saa sita mchana na kuamka jioni. Akasema ni jua tu. Kingo za majani zikaungua. Tukasema wadudu, akanunua dawa. Mwishowe udongo ukaota ukoko mweupe. Niliugusa kwa ncha ya ulimi: chumvi! Maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi, na ukinyunyiza kidogo kidogo, maji hupaa na chumvi hubaki pale pale. Ndugu msomaji, ukoko huo ukiuona, acha kopo kwanza.

Alipoanza upya alichimba majaruba yaliyozama kiganja kimoja, akatia samadi iliyooza na kufunika kwa nyasi kavu. Safari hii alisubiri mvua izame, akapanda kunde na mlenda. Mvua ikikata, humwagilia kila baada ya siku tatu, mpaka maji yashuke, kwa maji ya mvua aliyokinga kwenye pipa kuukuu. Hajatumia hata nusu ya fedha ya mwanzo.

Nami Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeshafagia majani ya mwarobaini na kuwasha kiberiti, ndipo nikamsikia akiniita ng'ambo ya uzio.