Sikukuu ya Noeli na Kibali cha Kuua

Siku ya pili ya Noeli iliyopita, yaani tarehe 26 Desemba, tulikwenda kuwaamkia Wakristo fulani, watu wema wenye kusali, ambao watoto wao wote wamebatizwa na kulelewa vema. Tulipobisha hodi na kusema Tumsifu Yesu Kristo, tuliitikiwa na sauti moja tu, sauti ya mzee aliyekuwa ameketi karibu na mlango. Wengine wote walikuwa mbele ya televisheni. Stesheni moja ya king'amuzi ilikuwa ikionyesha filamu za James Bond tangu asubuhi, moja baada ya nyingine, na watu wa nyumba ile walikuwa wamefikia ya nne. Hatuwalaumu kwa kutotusikia, maana palikuwa na kishindo cha mabomu.

Mzee yule ni babu wa watoto. Alikuwa amesafiri kwa basi kutoka kijijini ili ale sikukuu pamoja na wajukuu wake. Akiwa anatazama, alimwona mtu mmoja akianguka kutoka juu ya ngazi, amepigwa risasi, akauliza, "Huyo aliyekufa ni nani?" Mjukuu wake, mtoto wa miaka kumi hivi, akamjibu bila kugeuza kichwa, "Mlinzi tu, babu." Mzee akanyamaza. Sisi twajua, na mtoto yule ajua pia, kwamba babu yake alilinda ghala usiku kwa miaka mingi, na kwa mshahara huo ndiyo alimsomesha baba wa mtoto huyo.

Neno lile dogo la mtoto limetusumbua tangu siku ile, nasi twaona yafaa kulichunguza pamoja na wasomaji wetu kabla sikukuu nyingine haijafika.

Kwa wale wasiomjua, James Bond ni jasusi wa serikali ya Uingereza, lakini wa hadithini. Alibuniwa na Ian Fleming, Mwingereza aliyetumika katika idara ya upelelezi ya jeshi la majini wakati wa vita vikuu vya pili, na kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1953. Filamu ya kwanza, Dr. No, ilitoka mwaka 1962. Ile ya ishirini na tano ya mfululizo huo ilitoka mwaka 2021. Waigizaji sita wamepokezana kuwa Bond, tangu Sean Connery hadi Daniel Craig. Mtu akizitazama zote mfululizo, bila kulala na bila kuhesabu matangazo ya biashara, atatumia zaidi ya saa 53. Katika Uingereza stesheni ya ITV ilianza kuzionyesha tarehe 28 Oktoba 1975, na tangu hapo filamu ya Bond katika siku ya mapumziko imekuwa kama desturi ya nchi. Marekani nao, stesheni zao zikabuni kuzipanga kwa siku nyingi mfululizo, wakati wa sikukuu yao ya Shukrani au kuelekea Noeli. Sasa desturi hiyo imetufikia na sisi kwa njia ya madishi. Tanzania bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo mambo ambayo wenzetu waliletewa kidogo kidogo, sisi tumeyapokea katika gunia moja.

Tusieleweke vibaya. Si nia yetu kulaani sinema. Baba Mtakatifu Pius XII, katika waraka wake Miranda Prorsus wa tarehe 8 Septemba 1957, alizipokea sinema, redio na televisheni kama vipawa vya Mungu, ingawa alikumbusha kuwa televisheni yaingia ndani ya nyumba yenyewe, na kwa sababu hiyo yahitaji macho ya wazazi. Hata gazeti la Vatikano, L'Osservatore Romano, liliisifu filamu ya Bond iitwayo Skyfall mwaka 2012. Na sisi wenyewe hatuwezi kujifanya hatujazitazama. Tulizitazama, tukacheka mahali pa kucheka.

Tena Mtakatifu Thoma wa Akwino hawataki watu wasiojua kucheza. Asimulia habari ya zamani juu ya Mtume Yohane, ambaye watu walimkuta akicheza na wanafunzi wake, wakakwazika. Yohane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, aupige mshale. Akapiga, tena na tena. Kisha akaulizwa kama aweza kuendelea hivyo daima, akajibu kuwa upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo roho ya mtu, asiyeilegeza ataivunja. Lakini Mtakatifu Thoma ataka mchezo usiwe wa aibu wala wa kudhuru, usimvue mtu akili yake yote, na umfae mtu mwenyewe, wakati na mahali. Sasa twauliza, je, saa kumi za risasi zaulegeza upinde? Watu wa nyumba ile, tulipowatazama nyuso, hawakuonekana kama watu waliopumzika. Kamba ilikuwa imevutwa tangu asubuhi, na kila ilipotaka kulegea, filamu nyingine ilianza.

Ila jambo la saa si kubwa. Liko swali zito zaidi.

Jasusi huyu ana namba 007. Sifuri mbili za mwanzo ni alama ya kwamba serikali yake imempa kibali cha kuua. Katika Casino Royale, filamu ya mwaka 2006, twaonyeshwa jinsi alivyozipata: kwa kuua watu wawili. Filamu zote zasimama juu ya wazo hilo, kwamba yuko mtu mmoja ambaye, kwa kuwa wakubwa wake wametia sahihi mahali fulani, amri ya tano haimhusu. Je, kibali cha namna hiyo chaweza kuwako?

Wakubwa wa elimu ya Kanisa hawakuwahi kusema kuwa damu haiwezi kumwagwa kamwe. Mtu anayeshambuliwa aweza kujilinda kwa nguvu isiyopita kiasi. Zamani walikubali pia kwamba mwenye mamlaka ya hadhara, kwa hukumu ya wazi na kwa ajili ya usalama wa wote, aweza kumwadhibu mhalifu kwa kifo. Na hata hilo, Katekisimu ilirekebishwa mwaka 2018 kwa amri ya Papa Fransisko, ikafundisha kuwa adhabu ya kifo haikubaliki. Basi kama hakimu mwenyewe, katika mahakama, baada ya mashahidi, ameambiwa asiguse uhai wa mtu aliyekwisha kufungwa, itakuwaje kwa mtu mmoja katika chumba chenye giza? Mtazame Bond katika Dr. No. Profesa Dent amekuja usiku kumwua, naye amekwisha kuzimaliza risasi zake zote. Bond ajua hivyo, tena amwambia hivyo. Kisha ampiga risasi, na anapoanguka amwongeza ya pili. Hakuna kujilinda hapo, wala hakuna hukumu.

Labda askari polisi mmoja miongoni mwa wasomaji wetu ataona tunamgusa. Sivyo. Askari mwema hana kibali cha kuua. Ana wajibu wa kulinda, na kila risasi aliyopiga aweza kuulizwa habari zake. Bond haulizwi. Ndiyo maana ya sifuri zile.

Lakini liko jambo la ajabu kuliko hilo, nalo si la Bond bali la sisi watazamaji. Mwaka 1989 ilitoka filamu iliyopewa jina la kibali hicho hicho, Licence to Kill. Rafiki yake Bond alemazwa na papa, na mke wa rafiki huyo auawa siku ile ile ya arusi yao, kwa amri ya mfanya biashara wa dawa za kulevya. Bond ataka kulipiza kisasi. Mkubwa wake amkataza, na asipotii amnyang'anya kibali. Tangu hapo Bond si mtumishi wa mtu. Auapo, aua kama mimi na wewe tungaliua, yaani mwuaji. Basi, mtazamaji amgeuka? La! Amshangilia vile vile, pengine zaidi. Basi hakikuwa kibali kilichotutuliza dhamiri katika filamu zile nyingine. Tulisema moyoni, "serikali imemruhusu," kumbe tungalimruhusu wenyewe, kwa sababu ni mzuri wa sura, nguo zake zimepigwa pasi, nasi tumemzoea.

Kumzoea huko ndiko kunakokuzwa na filamu za mfululizo. Mwaka 1969 ilitoka filamu iitwayo On Her Majesty's Secret Service, ambayo sehemu yake kubwa yatukia wakati wa Noeli katika milima ya Uswisi. Mwishoni Bond aoa kwa kweli, na bibi arusi auawa kwa risasi ndani ya gari, saa chache baada ya arusi. Filamu yaisha hapo, bwana arusi amemshika marehemu. Twakiri kuwa ni mwisho wenye heshima. Kwa mara hiyo kifo kimepewa uzito wake. Waliokwenda sinema wakati ule walitoka na huzuni hiyo, na filamu iliyofuata ilikuja mwaka 1971. Katika televisheni ya sikukuu mambo hayaendi hivyo. Yaja matangazo ya sabuni na ya simu, na baada ya dakika chache mjane yule yumo katika filamu nyingine, na bila kukawia yumo tena kati ya mizaha na wanawake. Matanga yamechukua muda wa tangazo la sabuni. Mtengenezaji hakukusudia hivyo, maana katika filamu ya mwaka 1981 Bond aonekana akienda kaburini kwa mkewe. Ila ni nani atakumbuka, akiwa amekwisha kuona maiti mia katikati?

Juu ya wanawake katika filamu hizi hatutasema mengi, wazazi wanajua. Hubadilishwa kama magari, na mtoto wa kiume huona.

Tena ziangalieni siku zenyewe. Mama Kanisa hakuiacha Noeli iwe sikukuu ya pipi tu. Kesho yake, tarehe 26, amweka Stefano Shahidi, aliyepigwa mawe huku kijana Sauli akilinda nguo za wauaji. Tarehe 28 aweka Watoto Mashahidi wa Betlehemu. Askari wa Herode walikuwa na kibali. Walitumwa na mfalme halali wa nchi, kwa sababu za usalama wa kiti chake, na hapana shaka waliambiwa kwamba ni kazi ya siri. Majina ya watoto wale hatuyajui hata moja. Herode aliwaona kuwa ni watoto tu. Kanisa likachukua wale wasio na majina likawapa siku yao, na Misa yao, katika juma tukufu la kuzaliwa kwa Bwana. Na katika juma hilo hilo sisi twaketi saa kumi tukitazama watu wasio na majina wakianguka kutoka juu ya ngazi, wamevaa sare moja ili tusiwajue nyuso.

Baba wa nyumba ile, tulipomweleza sehemu ya haya, alijitetea kwa haki. Alisema, "Padre, mwaka mzima nafanya kazi, na king'amuzi nimekilipia." Tulimwambia kuwa hatumkatazi. Atazame filamu moja, jioni, watu wakiwa wamekwisha kula na kuzungumza na wageni, na watoto wadogo wamelala. Nyingine aiache kwa siku nyingine, kwa maana haziozi. Mtoto akiuliza juu ya aliyekufa, ajibiwe kama mtu mwenye akili. Tena mama wa nyumba alitoa shauri lililo bora kuliko letu, kwamba saa za mchana televisheni izimwe na babu aombwe asimulie usiku mmoja wa kazi yake kule ghalani, maana palipata kuingia wezi, na watoto hawajaisikia habari hiyo. Mzee alisema ni ndefu, akaomba kwanza apewe chai.