Ngozi ya Kondoo na Paneli ya Sola



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye kondoo aliyekufa, ambaye alikuwa ametolewa sadaka kwa mjakazi aliyeachwa huru na Bibi Maymuna (r.a.). Akauliza kwa nini hawakunufaika na ngozi yake. Wakajibu kuwa ni mzoga. Akawafahamisha kwamba kilichoharamishwa ni kumla tu. Wao waliona kitu cha kutupwa. Yeye aliona ngozi.

Niliikumbuka hadithi hii likizo iliyopita, nilipokuta paneli yetu ya sola imetupwa nyuma ya jiko, kioo kimepasuka, wadogo zangu wakiichezea. Fundi alikuwa amesema haifunguki.

Alisema kweli. Ndani ya paneli mna alumini, shaba, silikoni na fedha kidogo, na kioo peke yake ni kama robo tatu ya uzito wake. Lakini kiwandani vyote hugandishwa pamoja kwa plastiki iliyoyeyushwa kwa joto ili maji yasiingie. Kinachoilinda ikiwa hai ndicho kinachotuzuia kunufaika nayo ikifa. Na nyingi zimeunganishwa kwa risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto.

Kila kitu kina ajali yake. Kituo cha Soroti cha megawati 10 kilizinduliwa Desemba 2016, na paneli kama zile hukadiriwa kutumika miaka 25 hadi 30. Zitakapochoka, sisi tunaosoma leo ndio tutakuwa wazazi na wakuu wa kazi. Umoja wa Ulaya tangu 2012 umewabebesha watengenezaji jukumu la paneli zilizokufa. Kijijini kwetu, jukumu hilo liko nyuma ya jiko la mama.

Allah alimlainishia Nabii Daud (a.s.) chuma, akamwamuru apime vizuri pete za mavazi ya vita (Saba, 34:10-11). Basi kupima vizuri ni sehemu ya utiifu. Wewe unayesoma uhandisi, kabla ya kuchora paneli jiulize itafunguliwaje: fremu ifungwe kwa skrubu badala ya gundi, risasi iondolewe, na kila sehemu iandikwe imetengenezwa kwa nini. Nasi wengine, kabla ya kununua tumuulize muuzaji kama ataipokea ikiharibika. Ikilegea waya, itengenezwe. Ikidhoofika, ichaji simu. Ikifa, isichomwe moto wala isiachiwe watoto.

Nia hutangulia amali. Anayetengeneza kitu bila kufikiri mwisho wake amemwachia jirani madhara, na jirani ana haki yake Siku ya Kiyama.

Ewe Mola wetu, tujaalie elimu yenye manufaa, na utulinde tusiwe waharibifu katika ardhi Yako. Aamiin.