Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno haya husemwa mlangoni kwa furaha, maana ujio wa mgeni huleta kitoweo hata katika nyumba iliyolala na njaa. Lakini, msomaji, umepata kujiuliza kama mwenyeji hupona kila mara? Huenda mgeni akapewa kiti na paja la kuku, na watoto wa nyumba wakakosa hata mchuzi. Swali hili ni la nyumba, na ni la mji pia. Nataka ulipime pamoja nami kwa mfano wa mji mmoja wa Ulaya ambao mgeni wake alikuwa treni.

Mji huo ni Lille, kaskazini mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Ubelgiji. Kwa miaka mingi Lille na jirani zake, Roubaix na Tourcoing, waliishi kwa kusokota nyuzi na kufuma nguo, na si mbali nao palikuwa na machimbo ya makaa ya mawe. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 viwanda vilifungwa kimoja baada ya kingine, na mwaka 1990 mgodi wa mwisho wa makaa katika sehemu hizo ukafungwa pia. Mikono iliyozoea kazi ilibaki mitupu.

Mwaka 1986, katika mji huo huo wa Lille, viongozi wa Uingereza na Ufaransa walitangaza kuwa njia ya reli itachimbwa chini ya bahari iliyo baina ya nchi zao. Ikawa lazima reli ya treni za kasi, ziendazo kilomita 300 kwa saa, itoke Paris kwenda pwani. Je, ipite wapi? Mji wa Amiens uliitaka, na Lille uliitaka. Pierre Mauroy, aliyekuwa meya wa Lille tangu mwaka 1973, na waziri mkuu wa Ufaransa toka 1981 hadi 1984, hakuridhika reli ipite kandokando ya mji. Alishikilia kwamba stesheni iwe ndani, mahali ambapo watu hufika kwa miguu yao. Palikuwa na ardhi iliyowahi kuwa ya ngome za kijeshi, karibu na stesheni ya zamani. Hapo, kwa ramani ya msanifu Rem Koolhaas wa Uholanzi, pakajengwa mtaa mpya wa ofisi, maduka na ukumbi mkubwa. Stesheni mpya ilifunguliwa mwaka 1994. Safari ya Paris, iliyokuwa ikichukua saa mbili hivi, ikawa ya saa moja tu.

Amiens nao ulipata stesheni, lakini mbali na mji, katikati ya mashamba. Watu waliidhihaki wakaiita stesheni ya viazisukari. Hapa twaona hekima ya Mauroy: mgeni asiyeingia nyumbani hawezi kumponya mtu. Sisi nasi tunaweza kulipima jambo hili kwetu. Nairobi ulizaliwa na reli mwaka 1899. Lakini reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ina vituo vyake vikubwa Syokimau na Miritini, na msafiri ashukaye huko sharti atafute gari jingine la kumfikisha mjini.

Hata hivyo, mgeni kuingia sebuleni si mwisho wa habari. Mfumaji wa Roubaix aliyepoteza kazi alipata nini katika majumba ya vioo? Kazi za ofisini hutaka elimu ambayo kiwandani hakufunzwa. Tena, popote stesheni inapojengwa, ardhi ya jirani hupanda bei, na kodi huifuata ardhi kama kivuli. Mwuza chai aliyehudumia wasafiri miaka yote aweza kuondolewa siku ile ile wasafiri wanapoongezeka. Roubaix hata leo ni mmoja wa miji maskini zaidi ya Ufaransa.

Mtu mwingine atajibu kwamba bila stesheni umaskini ungekuwa mkubwa zaidi. Yumkini asema kweli, na haifai kumlaumu mgeni kwa ubahili wa mwenye nyumba. Stesheni ni mlango. Mlango haugawi chakula. Ugawaji ni kazi ya watu, na watu ndio wanaoulizwa juu ya haki. Lille penyewe pana mfano mwema. Tangu mwaka 1983 mji huo una metro isiyo na dereva, na mwaka 1999 njia yake ya pili ilifika Roubaix, ikipita katika stesheni zote mbili kubwa za Lille. Metro haikuondoa ufukara. Lakini ilimpa mwana wa mfumaji njia ya kuufikia mlango uliofunguliwa kwa jina lake.

Kwa hiyo naona kwamba ujenzi mpya una haki pale tu unapoweza kumjibu mnyonge aliyekuwapo kabla yake. Je, aliyehamishwa alilipwa, na mapema? Je, mtoto wake atafundishwa kazi inayokuja? Je, njia kutoka kwake hadi stesheni imetengenezwa kwa bidii ile ile iliyotumiwa kwa njia ya kwenda mbali? Mji ukishindwa kujibu, uzuri wake ni uzuri wa sahani tupu.

Msomaji, siku moja yawezekana utaketi katika baraza la mji wako, na ramani itatandazwa mezani mbele yako. Itakuwa na rangi nzuri, na vibanda vya watu wadogo havitaonyeshwa. Viulizie. Mkaribishe mgeni kwa moyo mweupe. Lakini kabla ya kukata nyama, hesabu kwanza waliomo nyumbani.