Wewe ni wa Nani?

Mtoto wa Takaba akienda kisimani kuteka maji na mtungi wake wa lita 20, mzee asiyemfahamu hamuulizi anaitwa nani. Humuuliza ni wa nani. Mtoto atataja jina la baba, na mzee atanyamaza kidogo, akilinganisha uso ulio mbele yake na uso anaoukumbuka. Pengine atamtuma salamu nyumbani. Pengine ataitikia kwa kichwa tu na kugeukia mambo yake. Huenda huyo baba alizikwa miaka kumi iliyopita. Swali litaulizwa vilevile, na jibu litakuwa lilelile.

Kumkumbuka baba katika mji wa namna hii ni kazi ambayo mtoto husaidiwa na mji mzima, atake asitake.

Takaba ni makao makuu ya Mandera Magharibi, mji mdogo wa wafugaji kwenye nyika kame kati ya Moyale na El Wak. Wakazi wake wengi ni Wagarre na Wadegodia. Kisomali na Kiborana husikika katika soko moja. Huko mtu hana jina moja la ukoo linalorithiwa na nyumba nzima. Ana jina lake, kisha la baba yake, kisha la babu yake. Mwanamke akiolewa hachukui jina la mume. Huingia nyumba ya ndoa na jina la baba yake, huzaa watoto wa jina jingine, na siku ya kufa huzikwa nalo. Baba akifariki, jina lake huendelea kutajwa kila asubuhi mwalimu anaposoma rejista ya darasa. Msiba umeisha, tanga limeanuliwa, na jina bado linaitikiwa: nipo.

Lakini kipande, yaani kitambulisho cha serikali, kina mwisho wake. Mjukuu bado ana jina la babu katika nafasi ya tatu. Kitukuu hana. Karatasi ya serikali humsahau mtu katika kizazi cha tatu baada yake, bila kosa lolote, kwa sababu tu nafasi imekwisha. Hapo ndipo abtirsi huchukua zamu: ule msururu wa majina ya baba, babu, baba wa babu, mpaka mwanzo wa ukoo, ambao mtoto hukaririshwa nyumbani tangu akiwa mdogo. Wapo watoto wanaoweza kutaja majina kumi, hata ishirini, pumzi moja.

Swali gumu liko hapa. Mtoto anayetaja jina la kumi na mbili katika msururu huo, anamkumbuka mtu?

John Mbiti, mwanafalsafa na mwanateolojia wa Kenya, aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Kuelezea wakati alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani. Aliyefariki, kwa maelezo yake, hubaki ndani ya sasa maadamu wapo watu waliomjua na wanaomtaja kwa jina. Anapokufa wa mwisho kati yao, huyo marehemu huzama katika zamani. Mbiti aliviweka pamoja vitu viwili, jina na kujuana. Abtirsi inavitenganisha. Jina la babu wa kumi na mbili liko hai kabisa, linatamkwa bila kukosea herufi, ilhali hakuna ajuaye kama babu huyo alikuwa mkarimu au mchoyo, kama aliwabeba watoto wake mabegani au hakuwahi kuwachekea. Jina limevuka mto, mwenyewe amebaki ng'ambo.

Kwa hiyo jina peke yake halitoshi, na wazee wa Takaba wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana mzee aliyeuliza hutulia baada ya kupewa jibu. Anachokitafuta ni ushahidi. Huyo baba alifanya nini mvua ilipokosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020, mizoga ya ng'ombe na mbuzi ikatapakaa kaskazini yote? Boza la maji lilipofika, alisukuma watu au alitanguliza wajane? Alisimamia karo ya mtoto asiye wake? Kaburi lilipochimbwa usiku alionekana? Haya hayaandikwi mahali popote. Yanakaa vifuani mwa majirani, nao humlipa mtoto kile walichopewa na baba.

Kaskazini mwa Kenya, ushahidi huo umewahi kuwa na uzito wa kutisha. Novemba 1989 serikali iliamuru Wasomali wote wa Kenya waliotimiza umri wa miaka 18 wahakikiwe upya, na waliopita wakapewa kadi za waridi, juu ya vitambulisho walivyokuwa navyo tayari. Kwa miongo mingi baadaye, kijana wa kaunti za mpakani aliyetaka kipande alifikishwa mbele ya kamati ya chifu, wazee na maafisa wa usalama. Kijana wa Nyeri au Kakamega hakupitia hayo. Ukumbi ulikuwa mwingine, lakini swali lilikuwa lile la kisimani: wewe ni wa nani? Kijana yatima ambaye baba yake hakujulikana na mzee yeyote pale mezani angeweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa uhakiki huo. Mpaka siku hiyo, baba aliyejulikana vizuri mjini aliwaachia wanawe urithi mkubwa kuliko ngamia: sauti ya mzee mmoja akisema, huyu namjua, baba yake alikuwa wa hapa.

Ni dhuluma kwamba wema wa baba uligeuzwa kuwa cheti cha uraia. Uraia haustahili kutegemea kama baba yako alipendwa.

Tena swali lenyewe lina makali. Mwaka 2014, Wagarre na Wadegodia walipopigana mpakani mwa Mandera na Wajir, kutaja jina la babu mbele ya watu wasio wa kwenu kuliweza kukugharimu maisha. Na Novemba 22 mwaka huohuo, washambuliaji wa al-Shabaab walisimamisha basi karibu na mji wa Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Wengi wa waliouawa walikuwa walimu waliokuwa wakirudi kwao likizoni. Baada ya hapo walimu wengi kutoka kaunti nyingine waliondoka, na shule za kaskazini mashariki zikabaki na madarasa yasiyo na mtu mbele ya ubao.

Salah Farah alikuwa mmoja wa waliobaki. Alikuwa baba, na alikuwa naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Mahdi mjini Mandera. Desemba 21, 2015 alikuwa ndani ya basi lililosimamishwa karibu na El Wak. Washambuliaji walitaka abiria wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwafunika wenzao kwa hijabu zao, na washambuliaji wakaambiwa wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili waliuawa siku hiyo; Salah alipigwa risasi, akalazwa Nairobi, na akafariki Januari 18, 2016. Rais Uhuru Kenyatta alimtunuku nishani ya taifa. Kisa cha basi hilo kikawa filamu fupi, Watu Wote, iliyofika kwenye orodha ya kuwania Oscar mwaka 2018.

Ndani ya basi lile swali la mzee wa kisimani lilikuwa mkononi mwa mwenye bunduki, na jibu rahisi lilikuwepo. Salah angeweza kujitaja, akataja baba na babu, akateremka upande wa wanaoishi, akarudi kwa watoto wake. Hakuna ambaye angemlaumu baba aliyechagua wanawe. Hapo ndipo fikra ya kwamba baba mwema ni yule aliyewatanguliza watoto wake hupata kikwazo chake kikubwa, na si haki kukipita haraka. Watoto wake walipoteza mtu wa kuwashika mkono. Nishani haimpeleki mtoto shule asubuhi.

Kwa desturi ya majina, wajukuu wa Salah watabeba jina lake katika nafasi ya tatu, na vitukuu hawatalibeba. Abtirsi ya nyumba yao italihifadhi. Lakini wapo watoto wengine, wa kaunti nyingine na dini nyingine, wasio na sababu ya kuandika jina la Salah popote kwenye fomu. Wakiulizwa ni wa nani, watawataja baba na mama zao waliopanda basi lile Desemba 2015, na wakafika nyumbani.