Koki Moja

Mwanangu, kaa kidogo. Najua gari la kushuka Same limeshapiga honi. Litapiga tena.

Machi 2025, Rais Samia alipozindua mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, ulinipigia simu huku unashangilia. Nami nilifurahi. Nimeishi Same, dumu moja tukiogea na kufulia. Kuyatoa maji kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kuyasafisha na kuyasukuma kwa pampu, si mchezo. Ila vigelegele vile vilinikumbusha vya kwetu.

Nilikuwa na umri wako. Tuliletewa bomba la mserereko kutoka msitu wa Shengena, nami nikawa mtunza hazina wa kamati. Wazee wakasema tuchange kila mwezi, tuweke akiba ya matengenezo. Nikasimama mkutanoni: bomba ni jipya, tunachangia nini? Nikapigiwa makofi. Makofi yale yananiuma hadi leo.

Mwaka wa pili koki ikalegea. Koki tu, mwanangu, wala si pampu. Hatukuwa na senti. Tukaifunga kwa mpira wa baiskeli. Ikavuja, pakawa tope, ng'ombe wakaja kunywa, wakakanyaga bomba likapasuka. Mama yako akarudi korongoni, ndoo kichwani, wewe mgongoni. Hakunisema. Afadhali angenisema.

Babu yako hakusoma, ila ndiva yao, bwawa lao la kumwagilia mashamba, haikukauka. Maji yalikusanywa usiku, asubuhi yakafunguliwa kwa zamu. Tope likijaa, ni msaragambo, kijiji kizima na majembe. Asiyefika alitozwa. (Mimi nilijificha migombani. Nilitozwa mara mbili.)

Sasa wewe ndiye mtunza hazina, unakwenda kuwaona watu wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, na mfukoni una orodha ya mabomba mapya. Sawa, waombe. Lakini kwanza utembee kwa miguu toka chanzo hadi kituo cha mwisho, uhesabu koki zinazovuja. Tazama kama kuna anayelima tangawizi ndani ya zile mita 60 za chanzo ambazo sheria inakataza kulimwa. Umsemeshe taratibu, ana watoto. Kila mwezi usome daftari mbele ya watu, hata kama wamefika watano.

Atasimama kijana mmoja aulize, bomba jipya tunalichangia nini? Usimkaripie. Mlete hapa, nitamwekea chai.