Upepo Ukishaingia Kwenye Betri

Katika mafundisho ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kuna vitu vitatu ambavyo watu wote wana shirika navyo: maji, malisho na moto. Upepo hautajwi hapo. Nadhani ni kwa sababu zamani zile hakuna aliyeweza kuuweka akiba na kumnyima jirani. Mimi ni fundi wa stima hapa Malaba, mzaliwa wa Mumias, na nyuma ya nyumba yangu, juu ya bomba refu la chuma, upo mtambo mdogo ambao kazi yake ni hiyo hiyo ya kuuweka upepo akiba. Basi swali limenifikia mlangoni: upepo ukishaingia kwenye betri yangu, ni wa nani?

Nianze na kazi yenyewe, maana pasipo kazi maneno ya dini huelea tu. Mpakani hapa vyuma si haba. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda mengine huharibikia njiani, na kwa wauza vyuma chakavu hukosi oltaneta. Lakini oltaneta ya gari hutaka mizunguko zaidi ya elfu moja kwa dakika ndipo ichaji, na upepo wetu hauna kasi hiyo. Kwa hiyo nilichukua habu ya gurudumu pamoja na beringi zake, nikaizungushia sumaku kali, nikasuka koili za waya wa shaba na kuzimiminia gundi ngumu ili zisicheze. Mapanga matatu niliyachonga kwa mbao. Yakizunguka, duara lake lina upana wa mita 2.

Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake huongezeka mara 8. Upepo wa mita 3 kwa sekunde hunipa kama wati 13, yaani taa mbili na simu moja. Ukifika mita 6, napata wati mia moja na ushei. Kule Port Victoria wavuvi wanaujua upepo kuliko mimi: usiku upepo wa nchi kavu huwasukuma kwenda ziwani, mchana upepo wa ziwa huwarudisha. Sisi wa huku bara tunapata kidogo, kisha ghafla unavuma mwingi kabla ya mvua, kisha kimya. Mwenye haja ya stima nyingi ninamwambia wazi anunue sola. Mtambo wangu unanifaa usiku na siku za mawingu, na ninaupenda.

Turudi kwenye swali. Wanazuoni wa fiqhi hawakuiacha hadithi ile ikiwa imefumbwa. Maji ya mto ni ya wote, walisema, lakini aliyeteka akajaza mtungi, yale ya mtungini ni mali yake na anaweza kuyauza. Kuhusu moto walikwenda mbali zaidi, na hapa ndipo moyo wangu unapotulia. Mwenye moto hana haki ya kumzuia mtu kuota joto lake, kuona kwa mwanga wake, wala kuwashia taa yake hapo. Ila kaa lenyewe, lile jekundu linalowaka, ni la mwenyewe.

Nikiifuata hoja hiyo, chaji iliyo ndani ya betri ni maji ya mtungini. Taa ya nje ni mwanga wa moto. Kwa hiyo taa ile inayomulika njia ya kuelekea kisimani sina ruhusa kuizima kwa uchoyo, na watoto wanaokuja kusoma chini yake hawaniombi.

Watu wa huku wanajua kwamba zawadi ya Mungu hutiwa bei. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na kwa miaka mingi stima yake ilipita Tororo ikaingia Kenya kwa mkataba na kwa mita. Hakuna aliyelipia Mto Nile. Kilicholipiwa ni saruji, mitambo, waya na kazi ya watu. Bei ya namna hiyo sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu uko chini, ardhini. Kule Marsabit, karibu na Loiyangalani, imesimamishwa mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, na upepo unaovuma pale hauna hatimiliki. Ardhi ndiyo iliyokuwa na hati, na Oktoba 2021 mahakama iliyoketi Meru ikaamua kwamba hati hizo hazikutolewa kwa kufuata sheria, baada ya wakazi kushtaki. Anayetaka kumnyang'anya mtu upepo haugusi upepo. Huanzia pale nguzo inapochimbiwa.

Jirani yangu, mama wa Kiteso ambaye ni mzee wa kanisa lake, aliniongezea jambo. Katika Torati, aliniambia, mvunaji aliagizwa asivune pembe za shamba, aziachie maskini na mgeni. Ndivyo Ruthu alivyookota masazo kwa Boazi. Nilimweleza kwamba upepo una sheria kama hiyo, tena haivunjiki. Mwaka 1919 Mjerumani Albert Betz alionyesha kwamba hakuna mtambo unaoweza kuchukua zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo unaoupitia. Ukijaribu kuichukua yote, hewa itakwama nyuma ya mapanga, na upepo unaofuata hautapata pa kupita. Mvunaji wa ngano angeweza kuasi. Mimi siwezi: yule aliye ng'ambo ya mtambo wangu ana fungu lake, nipende nisipende. Ninaamini aliyeumba upepo aliutaka uwe hivyo.

Simu ninachaji kwa shilingi 10, na sioni haya. Betri za asidi hufa, hasa zikikamuliwa chini ya nusu, na siku moja nitanunua nyingine. Mgonjwa na mwenye mtoto mchanga silipishi.

Yule mama hakuridhika. “Shaba ulinunua, mwanangu, nakubali. Sumaku ulinunua. Na akili ya kuukamata upepo uliinunua wapi?”

Sikuinunua. Fundi mmoja mzee wa Busia ndiye aliyenifundisha kupanga sumaku na kuchonga panga, na nilipotoa pesa alizikataa. Siku hizi vijana wa jua kali wakija na mbao zao ninawaonyesha yote, bila ada. Mafundi wenzangu wengine wananilaumu kwamba naharibu soko. Huenda ni kweli naliharibu, lakini katika fiqhi ninayoijua, na katika Torati aliyonisimulia mama yule, sijaona panaponiruhusu kuuza nilichopewa bure.