Mwati wa Uani na Shamba la Jirani

Uko mti tuujuao sana sisi watu wa milimani, nao ni mwati. Asili yake ni kusini-mashariki ya Australia. Katika karne ya 19 ulipelekwa Natal, Afrika Kusini, na baadaye ukaletwa huku kwetu. Njombe na Lushoto umepandwa kwa wingi, maana gome lake lina dawa ya kutengenezea ngozi, na kuni zake zawaka vizuri. Majani yake hayapukutiki kiangazi. Nao utoapo maua yake ya manjano hafifu, nyuki hujaa na harufu nzuri huenea uani.

Atakaye kuupanda na afanye hivi. Mbegu zina ganda gumu. Basi azimwagie maji yaliyochemka, aziache zilowe usiku kucha, ndipo azipande makoponi. Mvua zianzapo aihamishe miche mahali penye jua, pasipotuama maji. Mizizi yake haiendi chini sana, kwa hiyo penye upepo mkali aupe mti mchanga egemeo. Maua yakiisha kunyauka, akate ncha za matawi machanga. Lakini asikate hata kufika ubao wa zamani, maana hapo hauchipuki vema.

Mimi niliupanda mmoja kando ya mpaka wangu, nikajisifu nao miaka mingi. Hata siku moja jirani yangu, mama mzee akaaye chini ya mteremko, akaniita shambani mwake. Alikuwa amechoma magugu, na mvua ilipokunya, miche ya miwati ilitoka tele kati ya maharagwe yake. Akaniuliza, “Mwanangu, mwati ni wako. Je, na hii ni ya nani?”

Nilikuwa na majibu mengi moyoni. Mbegu ziliteremshwa na mvua, si mimi. Ziliamshwa na moto, nao moto aliuwasha yeye. Tena nilipoupanda nilikusudia mema. Hayo yote ni kweli. Walakini sikuweza kuyasema mbele yake bila haya. Kwa nini?

Twasema, Apandacho mtu ndicho avunacho. Lakini huyu alikuwa akivuna asichopanda. Basi nikatambua kwamba hatia ni neno moja, na deni ni neno jingine. Mbuzi wangu akikata kamba usiku, akala mahindi ya jirani, hakuna aniitaye mwivi. Lakini hakuna asemaye kwamba nisilipe. Mtu aweza kuwa hana hatia, naye ana deni.

Tena deni la mbuzi hulipwa mara moja, bali la mwati hudumu. Mbegu zake zaweza kulala udongoni miaka 50 na zaidi, zikiwa hai. Afrika Kusini miwati ilijaa kandokando ya mito ikanywa maji mengi, hata tangu mwaka 1995 serikali ikaajiri watu waikate. Walioipanda zamani hawakukusudia mabaya, lakini gharama imewafikia vitukuu.

Labda mtu atauliza, “Je, asiyejua naye alaumiwe?” La, asilaumiwe kwa jana yake. Lakini siku aliyoonyeshwa miche, kutokujua kwake kumekwisha. Akiiacha tangu hapo, deni lake limegeuka kuwa hatia.

Je, niukate mti? Jirani mwenyewe alinikataza, kwani hupata kuni kwa matawi yake. Kwa hiyo tumepatana hivi: kando ya kijito usipandwe hata mmoja. Huu wa uani naukata usirefuke, nipate kuyafikia matawi yote, na maua yakinyauka nayaondoa kabla maganda ya mbegu hayajakomaa. Tena kila masika nang’oa miche katika shamba lake kwanza, ndipo langu. Siku nitakaposhindwa kazi hiyo, mwati utaanguka, hata kama umejaa maua.

Nami najua kwamba mbegu zilizokwisha kulala zitaishi kunipita mimi. Kwa sababu hiyo, nilipomwonyesha mwanangu mipaka ya shamba atakalorithi, sikuishia mpakani. Nilishuka naye mpaka kwa mama yule, tukainama, tukang’oa pamoja.